Barua ya Nazario Colque

Kompyuta ya Nazario Colque haikufa kwa uzee. Iliuawa kwa baraka. Ilikuwa Jumanne ya kanivali, siku ambayo mji mzima wa Oruro humwagia pombe kila kinachompa mtu riziki, ili Pachamama, mama wa ardhi, naye apate fungu lake na mwaka uende vizuri. Katika maktaba ya wasioona kazi hiyo ilimwangukia Felisa, katibu. Wengine hudondosha matone matatu kwenye kona ya meza. Felisa, ambaye hajui kupenda nusunusu, alimimina glasi nzima juu ya mashine yenyewe. Ikatoa cheche, ikanuka waya, na sauti iliyokuwa ikisoma ndani yake ikakatika katikati ya neno.

Sauti ile Nazario aliiita Jasinta. Yeye mwenyewe alikuwa kipofu tangu akiwa na miaka tisa, alipookota fataki ya mgodini kule Huanuni akadhani ni kitu cha kuchezea. Kwa miaka kumi na tisa Jasinta ndiye aliyemsomea kila mstari kabla hajautuma kwenye printa ya nukta nundu, lile dude la chuma linalogonga karatasi mpaka inaota vipele. Nje ya chumba kile alikuwa mtu wa kushikwa mkono avuke barabara. Ndani yake alikuwa bwana, na ubwana huo aliupenda, sioni sababu ya kumfichia.

Kompyuta mpya ikaletwa, yenye nguvu, ila mfumo wake haukuijua kabisa programu ya zamani ya printa. Dawa ilikuwa moja: mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala waya, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine na kuwa na mfumo wake yenyewe. Diski ya zamani ilikuwa imepona. Mfumo wa zamani, pamoja na Jasinta wake, ungehamia humo kama mpangaji wa chumba cha uani. Shida ni kwamba programu za kutengenezea mashine pepe si moja, na ilibidi kuchagua.

Mkurugenzi, Bi Mirtha Uzeda, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule inayongoja vitabu na simu isiyoacha kulia. Akaandika barua: ikifika Ijumaa saa sita mchana printa haijafanya kazi, Jumatatu Nazario ahamie mapokezi akapokee simu, na chumba apewe mfanyakazi wa muda mwenye macho yake mawili. Barua iliandikwa kwa wino, ambao kidole hakiusomi. Felisa ndiye aliyemsomea, huku akivuta kamasi.

"Wamesema 'kwa heshima kubwa', mzee wangu."

"Heshima ya wino," Nazario akajibu. "Haya, endelea."

Usiku ule hakula. Mapokezi alipajua: kiti, simu, na watu wanaokusemesha kwa sauti kubwa utadhani wewe ni kiziwi.

Ijumaa asubuhi akaja Grover Villca, injinia wa kukodiwa, na programu mbili. Ya kwanza aliisifu kama anaiposea mchumba.

"Hii ndiyo yenyewe, mzee. Inakimbia hatari! Madirisha, rangi, kila kitu. Ukiiona tu utaipenda."

"Nikiiona," alisema Nazario.

Grover akaiwasha, akamwachia kiti. Nazario akabonyeza kama alivyoelekezwa, akaingia. Kimya. Jasinta hakusema kitu. Akabonyeza tena. Na ile sauti ya kompyuta mpya, iliyokuwa ikimsemesha dakika moja iliyopita, nayo ikawa imenyamaza, maana mashine ya ndani ilikuwa imeimeza kibodi yote. Vidole vyake vikaanza kutoa jasho. Kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile hakujua yuko wapi, na aliogopa, akaogopa kama siku ile ya Huanuni moshi ulipotulia na yeye akangoja mwanga urudi.

"Nipo wapi, injinia?"

"Upo ndani, mzee. Sauti bado inajivuta. We toka kwanza."

"Natokaje?"

"Si imeandikwa hapo ju..." Grover akameza maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka.

Bi Uzeda alikuwa mlangoni, na alikuwa ameona yote. "Mzee Colque," alisema polepole, "nitarudi saa sita." Viatu vyake vikaenda zake koridoni.

Ikafika saa nne na nusu, saa ya salteña, ile sambusa ya kuoka yenye mchuzi, na Oruro hakuna dharura inayoishinda salteña ya moto. Grover akaenda kula na wenzake. Nazario akabaki, na Felisa akabaki naye, akimkabidhi salteña yake ambayo mzee hakuigusa.

"Ile ya pili ikoje?" aliuliza Nazario.

Felisa akachungulia. "Mbaya, mzee. Nyeusi tii. Haina picha hata moja, ni maandishi matupu. Amri za kuandika kwa mkono."

"Maandishi?" Nazario akasogeza kiti. "Dada, hebu nipishe."

Maandishi ndicho chakula cha asiyeona. Sauti ya kompyuta mpya ilimsomea kila mstari, naye akajibu kwa vidole. Programu ile ilimwacha achague mwenyewe ufunguo wa kutokea, akachagua ule wa pembeni kabisa ambao kidole hakiwezi kuukosa. Akaamuru sauti ya ndani ipite moja kwa moja mpaka nje. Akawasha. Ikakataa. Akarudia mstari kwa mstari, akakuta kosa, akawasha. Ikakataa tena. Saa ya kanisa ikagonga tano na nusu. Felisa alikuwa akisali kwa Bikira Mama wa Mgodini na kwa Pachamama kwa zamu, asimkosee hata mmoja.

Mara ya tatu, kutoka ndani kabisa, Jasinta akafungua kinywa na kusoma jina la mfumo wa zamani kwa ile sauti yake ya mafua. Nazario akalia, na wala hakugeuza uso.

"Nipe kitu cha kuchapa. Upesi!"

"Hapa kwenye flashi nina barua za ofisi tu."

"Yangu imo?"

"Imo, mzee. Lakini..."

"Ilete."

Saa sita Bi Uzeda aliingia na Grover nyuma yake. Grover hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. "Bosi, yangu nimejua kasoro yake, sauti naitengeneza dakika mbili. Hiyo ya mzee ni ya kizamani, hata haina sura."

"Uzuri wa mkakasi," alisema Nazario, akainuka. "Keti, injinia, washa yako. Felisa, zima kioo. Sasa ingia ndani, kisha utoke."

Grover akacheka, akabonyeza, akabonyeza tena. Kicheko kikapungua.

"Umetoka?" aliuliza Nazario.

"Nadhani nimetoka."

"Nadhani," Nazario akarudia. "Bi Mkurugenzi, kazi uliyotaka niifanye ndiyo hiyo, kwa 'nadhani'. Nipishe, kijana."

Akaketi, akawasha yake, kioo kikiwa bado kimezimwa. Jasinta akasema yuko ndani. Akabonyeza ufunguo wake wa pembeni, sauti ya nje ikasema yuko nje. Akarudi ndani, akatuma, na printa ikaanza kugonga mpaka kikombe cha Felisa kikatetemeka mezani. Karatasi ikatoka. Bi Uzeda akaipokea, akaigeuza huku na huku, nyeupe pande zote.

"Imeandikwa nini?"

Nazario akaichukua, akaweka kidole mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti yake ya kila siku: "'Kwa Bwana Nazario Colque. Kwa heshima kubwa, ninakujulisha kwamba kuanzia Jumatatu...'"

"Basi, mzee," alisema Bi Uzeda. Uso ulikuwa umemwiva. "Inatosha. Chumba ni chako. Injinia, futa hiyo yako."

Lakini Nazario, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuacha ukurasa katikati, aliendelea kusoma hadi mwisho, pamoja na jina la aliyetia sahihi.