Sema "Sijavuta"

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nakataa kuisahau hata wenzangu wakinishauri niisahau. Nilikuwa nimeketi mbele ya daktari pale Nakuru, soksi ya mguu wa kushoto nimeishika mkononi, naye anabonyeza vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayechagua viazi sokoni. Vilikuwa baridi, na kwenye ncha vimeanza kuwa vyeusi. Akaniuliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikasema chache. Akauliza mara ya pili, nikasema ukweli: pakiti moja, na safari ikiwa ndefu pakiti na nusu. Akaniambia mishipa ya damu inaziba, na kwamba ugonjwa huo huwapata wavutaji wakiwa bado vijana. Dawa yake ni kuacha. Alisisitiza si kupunguza, ni kuacha kabisa. La sivyo wataanza kukata kidole, halafu watapanda juu.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na saba. Nilikuwa dereva wa lori, nabeba viazi kutoka Molo, naupanda mlima wa Mai Mahiu hadi Nairobi. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Dereva asiye na mguu wa kushoto, mwanangu, ni abiria, na mimi nilikuwa na mke na watoto wawili waliokula kwa mguu ule.

Nilipotoka kwa daktari kila mtu alinipa ushauri mmoja: jikaze kiume. Basi nikajikaza. Siku ya kwanza nilitetemeka, siku ya pili nikagombana na mke wangu juu ya chumvi, siku ya tatu nikagombana na lori. Siku ya nne nilisimama Salgaa, kituo chetu cha malori, kunywa chai, mtu akawasha yake kwenye meza ya jirani, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimevuta mbili. Tangu hapo, mtu akiniambia kuacha sigara ni kujikaza tu, namwuliza yeye alijikaza wapi. Wengi wao hawajawahi kuacha hata sukari.

Ni mke wangu, Mama Shiro, aliyesikia kanisani kwamba pale mjini kuna mradi wa kuwasaidia watu kuacha sigara. Walikutana kila Alhamisi mchana katika ukumbi, kwa wiki sita, na aliyewaongoza ni nesi mmoja mstaafu, Sista Rebeka. Alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka useme lile ulilokuwa unaficha. Tulijaa mabenchi mawili: madereva, mafundi, mwalimu mmoja, na bibi mmoja muuza mboga aliyevuta kutushinda sote. Tulipewa chingamu za dawa za kupunguza hamu, tukafundishwa kupumua, tukafundishwa la kufanya mikono ikianza kutafuta mfuko wa shati.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililoniudhi. Kila Alhamisi Sista aliita majina, nawe hukuruhusiwa kujibu "nimeacha". Ilikuwa lazima ujibu "sijavuta".

Wiki ya pili nilimpinga. "Sista, hiyo sijavuta inakaa ni kama bado nitavuta."

"Eee," akasema. "Ndiyo maana naipenda. Ukisema sijavuta, unajua hiyo kitu bado iko kwa njia inakungoja. Ukisema nimeacha, unalala."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilijiambia huyu mama anatutia nuksi. Mtu akishajenga nyumba haambiwi aseme hajabomoa. Ujana ni maji ya moto, mwanangu, na maji ya moto hayasikilizi mtu.

Wiki ya sita ikafika nami sijavuta. Mradi ulileta vyeti. Kwenye changu waliandika jina langu, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: AMEACHA. Sista aliwapa watu vyeti vile kwa uso wa mtu anayegawa chakula asichokipika yeye. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye duka la picha, nikakitia plastiki, nikakibandika ndani ya lori juu ya kioo. Kila aliyepanda alikisoma. Salgaa nzima, kutoka kwa wauza chai hadi waziba pancha, ilijua kwamba mimi nimeacha. Alhamisi zilizofuata Sista alitukaribisha tuendelee kuja hata bila mradi kutulipia chai. Sikwenda. Mtu aliyemaliza shule harudi darasani, ndivyo nilivyofikiri, na ndilo kosa ninalotaka ulisikie.

Kisha uchaguzi ukaja, na baada ya uchaguzi yale mapigano ya makabila mliyoyasikia. Siwezi kuyasimulia yote, na mengine siyataki mdomoni mwangu. Mimi yalinikuta Salgaa, lori limejaa viazi, barabara imefungwa mbele na nyuma. Simu ya nyumbani haikushika siku mbili. Tulikaa pale madereva wa kila kabila, tukiangalia moshi upande wa Molo, na kila mmoja akijua nyumba ya nani iko upande gani. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tena. Mwenzangu mmoja akatoa pakiti, akaizungusha, na mkono wangu ukachukua kabla mimi sijaamua. Nilijiambia ni moja, ya siku hiyo tu. Siku ile ile jioni nilinunua pakiti yangu, nikakibandua kile cheti, nikakiweka chini ya kiti.

Mama Shiro na watoto walikuwa salama, wamehifadhiwa na jirani, na nashukuru mpaka leo. Lakini barabara zilipofunguka mimi nilikuwa mvutaji tena, na aibu ilikuwa mbaya kuliko moshi. Ningemwambia nini Sista, mimi niliyetangaza? Nikipita Nakuru siku ya Alhamisi nilikuwa naongeza mwendo. Mguu ulipoanza kuuma niliufunga kitambaa nikavaa soksi mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niliijua methali hiyo tangu shule ya msingi na haikunisaidia hata kidogo.

Mvua za Aprili zilipoanza, nilikuwa Salgaa nakula ugali na matumbo mchana, nikaona mtu ameshuka kutoka lori la mbao. Ni Sista Rebeka, mkoba kwapani, viatu vimejaa matope. Aliwauliza wa hotelini, akaelekezwa, akavuta kiti akaketi mbele yangu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa anamtafuta kila mtu wa yale mabenchi mawili, mmoja mmoja, kwa nauli yake mwenyewe.

"Kijana yangu," akasema, "leo umevuta?"

"Sista, mimi niliharibu."

"Sijauliza kuharibu. Nimeuliza leo."

"Tatu."

"Haya. Na mguu?"

Niliuvuta mguu chini ya kiti. Aliinama pale pale chini ya meza, mama wa umri ule, akanivua kiatu. Alipofungua kitambaa akaniangalia kwa hasira ambayo sijawahi kuangaliwa nayo hata na baba yangu.

"Ulinyamaza miezi tatu ndio usiaibike? Nani alikuambia kiti yako nimepea mtu mwingine? Ile siku ulivuta, ungekuja siku hiyo na sigara ikiwa kwa mkono, ningekuwekea chai. Kuanguka si kosa. Kosa ni hii kujificha. Vaa kiatu twende."

Nilivaa. Vidole viwili vilikatwa wiki ile, cha mwisho na kinachofuata. Daktari alisema ningekuja Januari pengine visingekatwa. Mguu ulibaki, na alisema utabaki kama sitavuta tena, hata moja.

Nikarudi kwenye benchi. Safari hii Sista hakuningoja mpaka Alhamisi. Kila asubuhi saa moja alinifleshi: simu inalia mara moja, inakatika. Kama sijavuta tangu jana, nami namfleshi, yamekwisha, hakuna aliyetumia hata senti. Kama nimevuta, sharti nipige simu yenyewe, kwa krediti yangu, nimwambie kwa mdomo wangu. Usicheke. Kuna asubuhi nilisimama kando ya barabara, sigara ya kuomba iko midomoni haijawashwa, nikafikiria ile simu, nikaitupa sigara mtaroni. Mara mbili nilishindwa, nikapiga. Hakunigombeza. Aliuliza nilikuwa wapi, na nani, nimekula nini, halafu akasema kesho saa moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini lazima mhunzi arudi kazini na mikono mitupu, aonekane na watu.

Mwisho wa mwaka ule mradi ulituita ukumbini. Alikuja kijana mwenye tai kutoka Nairobi, mpole tu, akatuandalia chai na mandazi, akasoma karatasi zake. Akasema wiki ya sita karibu sisi sote tulikuwa tumeacha, lakini sasa mwaka umepita na wengi wamerudi kuvuta. Kwa hiyo mradi haukufaulu na unafungwa. Alisema kweli. Tuliokaa pale bila kuvuta hatukujaa benchi moja.

Nikasimama. Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikauweka mguu juu ya kiti mbele yake.

"Boss," nikamwambia, "nilipata cheti chako nikarudi kuvuta. Huyu mama alinifuata Salgaa ndio nikaacha kuvuta. Sasa hii mguu utaandika kwa karatasi gani, ya kufaulu ama ya kushindwa?"

Aliutazama mguu, akatazama karatasi zake. Nikamwuliza ni nani aliyemtuma mtu awafuate wale wengine. Akasema hilo halikuwa katika mpango.

"Basi si hao wameshindwa," nikasema. "Mpango ndio umeshindwa."

"Vaa kiatu wewe," Sista akasema kutoka nyuma, "watu wanakula."

Mradi ulifungwa. Sisi tulikataa kufungwa nao. Tuliendelea kukutana Alhamisi katika stoo ya viazi ya yule bibi muuza mboga, tukikalia magunia, bila chingamu, bila vyeti. Baadhi ya waliorudia kuvuta tuliwafuata wenyewe, na baadhi yao wakaja, na mmoja alianguka mara tano kabla hajatulia. Wengine hatukuwapata. Bado inaniuma. Sista Rebeka alituongoza mpaka miguu yake mwenyewe ikakataa ngazi, na tulipomzika sikuwa nimevuta, na wala siku ile sikuvuta, ingawa nilitamani.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana nimesikia umeacha mara tatu na umerudi mara tatu, na kwamba siku hizi ukiniona unavuka barabara. Msaada wa kuacha sigara unafaa, nami nimesimama kwa miguu miwili kuthibitisha, ila haufai kwa kupewa mara moja kama chanjo. Atakayekusaidia wiki sita kisha akakupa mkono wa kwaheri, mshukuru, halafu mtafute mwingine atakayekuwepo mwaka ujao. Usiwaamini wanaokuambia umeshindwa. Wanaokucheka leo hawatakuwepo siku ya kukatwa. Ukivuta, njoo siku hiyo hiyo, unanuka moshi vilevile, mlango wangu hauna pua. Usitangaze ushindi. Sema sijavuta, na kesho useme tena, na mwaka wa kumi useme hivyo hivyo. Na huyo mwenzako aliyekuwa anakuja nawe kwetu siku za Alhamisi, ambaye siku hizi amenyamaza, usimngoje ajirudi. Mfuate alipo.

Mungu akupe nguvu, mwanangu. Na siku atakayokunyima nguvu, akupe mtu.