Mkungu Uliopakwa

Babu yangu alifariki kijijini kwetu Ijumbi katika wiki ya mvua ambayo, bila kutia chumvi hata punje, iliwafanya vyura wapande juu ya migomba kutafuta pakavu. Barabara ya kutoka parokiani ilikatika. Padri alifika matope yamempanda mpaka kwenye miwani, na mzee alikuwa ameshakata roho tangu asubuhi. Alizikwa kwa sala zote na maji ya baraka, ila mpako wa mwisho, yale mafuta anayopakwa mgonjwa aliye karibu kufa, hakuupata. Bibi hakulalamika. Alimpa padri kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote, akarudi kukaa.

Muda mfupi kabla ya kuugua, mzee alikuwa amekata mkungu wa kisukari, zile ndizi fupi tamu zinazoliwa zikishaiva, akautundika kwenye boriti ya chumba cha nyuma. Ikawa ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Sasa baba mdogo, kitinda mimba wake, alikuwa mwalimu katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Dodoma, na habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Kutoka huko mpaka kwetu ilikuwa treni, meli mpaka Bukoba, kisha gari lolote litakalokuonea huruma kuja Muleba. Ndizi za kisukari hazimsubiri mtu wa safari kama hiyo. Na shangazi yangu, dada yake, alitaka kwa moyo wote kijana aje aonje ndizi ya baba yake.

Hapo ndipo alipokumbuka masomo.

Mimi na shangazi tulikuwa darasa moja la jioni pale Nshamba, elimu ya watu wazima, yeye benchi la mbele na mimi karibu na mlango. Leo nina cheti, kipo ukutani, na hakuna mgeni aliyewahi kupewa chai kwangu kabla ya kukisoma. Mwalimu wetu alitueleza jinsi matunda yanavyosafirishwa mbali. Yanapakwa nta nyembamba, isiyodhuru, unaila pamoja na tunda lenyewe, na tunda linachelewa kuiva na kusinyaa.

"Tunda lililochumwa bado linapumua," alisema. "Mpako unalipunguzia pumzi."

Akaandika MPAKO ubaoni kwa herufi ambazo nadhani wavuvi wa ziwani walizisoma.

Basi shangazi akayeyusha nta ya nyuki pamoja na samli, akaacha mchanganyiko upoe kidogo, akachovya kitambaa, akaupaka mkungu wote, chana kwa chana, ndizi kwa ndizi. Mwalimu alikuwa amesema nyembamba. Lakini shangazi alikuwa mtu wa mkono mzito, hata chapati zake ungeweza kuzilalia. Alipomaliza, mkungu uling'aa kwenye giza la chumba kile kama kitu kilichotoka jasho.

Bibi alisimama mlangoni. "Umeufanya nini?"

"Nimeupa mpako, Mama. Umsubiri mdogo wangu."

Yote hayo waliyasema kwa Kihaya, isipokuwa neno hilo moja. Somo tulifundishwa kwa Kiswahili, na shangazi hakujua jambo lile lingeitwaje kwa lugha ya nyumbani. Bibi naye Kiswahili chake chote alikuwa amekipata kanisani. Kwake mpako ulikuwa mmoja tu duniani.

"Mpako?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Mpako."

Bibi akautazama mkungu, kisha akafunga mlango taratibu, kama anavyofungiwa mgonjwa aliyepata usingizi.

Siku zikapita. Majirani waliokata kisukari wakati uleule walishakula zao na mbuzi wakamaliza maganda. Wa kwetu ulibaki kijani. Wala si ule ukijani wa shambani. Ulikuwa umepauka, kama rangi ya kitu kilichokaa majini. Vile vidudu vidogo vinavyofuata ndizi mbivu havikuusogelea. Chumba kikaanza kunuka mishumaa ya altare, na nilipoingia mchana kweupe kuchukua jembe nilijikuta nimevua kofia bila kuambiwa.

Bibi akahamishia mkeka wake humo. Kisha akaacha kula. Mwanzoni tulidhani ni msiba, tukambembeleza kwa samaki, kwa maharage, kwa kila kilichoota au kuogelea mkoani Kagera. Alikunywa maji tu. Shingo yake ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa. Shangazi akaanza kulia jikoni akisingizia moshi, kwa sababu sote tuliona tunakoelekea: tungechimba kaburi la pili kabla udongo wa la kwanza haujatulia.

Nikaenda kukaa naye. "Bibi, kula basi, hata kidogo."

"Nitakulaje na mwenzangu hajaondoka?"

"Hajaondoka wapi?"

Akaonyesha mkungu kwa midomo. "Padri hakumpa mpako. Shangazi yako ameupa ndizi. Sasa ndizi haziwezi kuharibika, na yeye hawezi kwenda. Wamefungwa pamoja. Sikiliza, waitu, mjukuu wangu. Anapumua."

"Bibi, kila ndizi inapumua, mwalimu alituambia kwamba..."

Elimu yangu yote iliishia hapo, maana nilisikia. Kitu kilitoa sauti juu yetu, ndogo, ya taratibu, kama mtu anayetenganisha midomo iliyokauka. Kimya. Kisha tena. Leo nitakueleza bila wasiwasi kwamba nta ikipoa hupasuka, na kwamba tunda lililozibwa huchacha ndani na hewa yake hutafuta njia. Siku ile nilitoka mbio, na nadhani nilipitia mlangoni, ingawa ukutani pia inawezekana.

Shangazi akaingia kumweleza mwenyewe. Akakwangua nta kwa ukucha, akailamba mbele yake.

"Ona, Mama. Ni nta na samli tu. Inaliwa."

"Hata hostia ya komunyo inaliwa," Bibi akasema.

Shangazi akasema basi, atautoa mkungu akautupe mtaroni mambo yaishe.

"Ukimtupa baba yako," Bibi akamjibu bila kupandisha sauti, "unitupe na mimi papo hapo."

Baba mdogo alifika alasiri moja akiwa na sanduku lililobeba vumbi la nusu ya Tanzania. Shangazi alimpokea kwenye njia ya kibanja, shamba la nyumbani, akamweleza kila kitu wakiwa wamesimama chini ya migomba. Yeye alikuwa mwalimu aliyesomea chuoni, si msomi wa jioni kama sisi, nikajua sasa Bibi atapata hotuba. Akaingia chumba cha nyuma. Akamwona mama yake alivyokonda, akainua macho akauona mkungu.

"Umekuja kumzika baba yako?" Bibi akamuuliza.

"Ameshazikwa, Mama. Nimechelewa."

"Hujachelewa. Maji ya moto yako jikoni."

Nilisubiri hotuba. Akavua koti. Akakunja mikono ya shati, akaenda jikoni akaja na karai linalofuka mvuke. Akaushusha mkungu akaulaza juu ya jani la mgomba, akaanza kuuosha kwa kitambaa kama anavyooshwa maiti, kuanzia juu, bila haraka, akipitisha vidole katikati ya kila chana na chana. Hakuna aliyemfundisha. Shangazi alishika karai. Bibi alikaa mkekani akisali sala za marehemu kwa Kihaya, nasi tukaitikia. Nta ikaelea juu ya maji, utando mweupe uliokunjamana kila alipochovya mkono.

Alipomaliza, ndizi zilikuwa bado za kijani, ila pale vidole vyake vilipopita zilibonyea. Bibi akachuma moja. Akaimenya. Ndani ilikuwa ya kahawia, laini kabisa, na harufu ikajaa chumba kizima: rubisi, pombe yetu ya ndizi, tena ile kali.

"Mama, usile," shangazi akasema. "Imeoza hiyo."

"Haijaoza. Imekufa." Akaisogeza puani, akafumba macho. "Ndiyo harufu yake. Kila Jumapili jioni alirudi hivihivi, akaniambia alikuwa kwenye mkutano wa kijiji."

Hatukujua kama inaruhusiwa kucheka. Bibi akala ndizi yote, polepole, mpaka ule mkia mgumu wa mwisho. Akampa baba mdogo moja, akampa shangazi, akanipa na mimi. Yangu ilikuwa na joto ndani, joto la kiganja. Nilijiambia ni yale maji ya moto, nikaimeza.

Bibi akajifuta mikono kwenye kanga, akatugeukia kwa hasira ya mtu aliyeachwa na njaa siku nyingi, akauliza kama katika nyumba hii bado kuna mtu anayepika.