Injini Niliyomchagulia Bakoki

Nianze na aibu yangu kabla sijabadili nia. Nilimwonea wivu mtu ambaye sikupaswa kabisa kumwonea: bakoki wangu. Kwetu Bungoma, bakoki ni yule mliyetahiriwa naye siku moja, mkapakwa tope la mtoni pamoja, mkasimama mbele ya kisu asubuhi ileile. Anaweza kuingia kwako usipokuwepo, akakamata jogoo akachinja, na mkeo akamwongezea ugali. Hukasiriki. Ila mambo mawili hufanyi: humdanganyi, wala humwaibishi mbele ya watu.

Sasa huyu wangu, jamani! Siku ya kisu alitangulia yeye. Akatazama juu bila kupepesa jicho, wanawake wakapiga vigelegele hadi ng'ambo ya mto. Mimi nikafuata. Nilisimama vilevile, haki ya Mungu, jicho halikucheza. Lakini mpaka leo wajomba wakisimulia asubuhi ile wanamtaja yeye weee, kisha wananikumbuka: "Na huyu pia alikuwako." Alikuwako! Kama mbuzi aliyefungwa pale!

Ndivyo tulivyoishi. Yeye akaajiriwa ofisi ya serikali mjini Bungoma, mimi nikawa mwalimu kule Kwanza, nikapanga nyumba Kitale. Nikichimba msingi, yeye ameshapaka rangi. Mke wangu, ambaye vichekesho vyangu huvipokea kwa kuguna, akija huyo mtu hucheka mpaka anashika mbavu.

Halafu tukanunua magari ya aina moja, vigari vifupi vya milango mitatu, vyepesi, vilivyotengenezewa vijana wapenda mbio, ingawa sisi tulishaota vitambi. Lake jekundu, langu jeupe. Injini zote mbili zilikuwa zimechoka. Na kila mwaka mahindi yakishavunwa, kuna mkulima mmoja huko Tongaren anayewaruhusu wenye magari washindane kwenye shamba lake tupu. Mizunguko mitano, vumbi, nyama choma, kelele. Bakoki alikuwa ameshinda mara mbili mfululizo. Mimi nilitaka siku moja tu, moja peke yake, watu waseme nimempita.

Mwaka huo akanipigia simu. "Bakoki, sasa? Kuna muuzaji hapo Kitale ameleta injini mbili kutoka Japani. Amenitumia picha ya zote, lakini picha ni picha tu bana. Mimi kazi imenishika huku. Si uende uziangalie unichagulie? Ile utasema, hiyo ndiyo nitachukua."

Nilienda na fundi wangu, mzee mfupi asiyependa maneno mengi. Injini ya kwanza ilikuwa ndogo, ya turbo, ile inayosukumiwa hewa kwa nguvu ili ivute zaidi. Ya pili ilikuwa kubwa, ya lita mbili, imetolewa kwenye gari la familia na kuoshwa ikang'aa kama sufuria mpya. Fundi alipima kwa futi, akachungulia chini, akainuka akijipangusa mikono.

"Mwalimu, hii ndogo inaingia bila kukata chuma. Bolti zinakaa mahali pao, waya zinafanana, na gia boksi yake iko. Hiyo kubwa ni mzigo. Gari itakuwa nzito mbele, ikifika kona inakataa kugeuka. Na nafasi ya rejeta ya maana ya kuipoza hakuna. Itachemka tu."

"Lakini nguvu si iko?"

"Nguvu iko. Utaipeleka wapi?"

Nikatoka nje kupiga simu. Nilikuwa nimekusudia kusema kweli, naapa. Lakini alipopokea, nikasikia watu wanacheka nyuma yake, kicheko cha ofisi nzima, nikajua ni yeye amewachekesha. Roho ikaniuma. Hata kazini anapendwa, huyu! Mimi huko Kwanza nikiingia chumba cha walimu watu wanaendelea kusahihisha madaftari.

"Chukua kubwa, bakoki," nikasema. "Hiyo ndogo imekwisha, usiiguse."

"Sawa."

Hakuuliza swali hata moja. Laiti angeuliza!

Kesho yake lori likabeba ile kubwa kwenda Bungoma, nami nikarudi kuichukua ndogo. Fundi alinitazama. "Kwani mwenzako ameikataa hii?" "Ameikataa," nikajibu. Bakoki aliponiuliza kwenye simu mimi nimeamua nini, nikamwambia nimefungua injini yangu kuukuu na kuisuka upya. Uongo ukishatoka wa kwanza, huo mwingine wala haubishi hodi.

Siku ya Tongaren niliamka nikiimba. Tulipoachiliwa, gari lake lilinguruma likatangulia, na kwa dakika moja nikadhani Mungu ananicheka. Kumbe kona haijafika. Ilipofika, lake likaenda moja kwa moja mpaka kwenye mabua, langu likageuka kama limeshikwa mkono. Mzunguko wa tatu lilikuwa linatoa mvuke. Nikampita. Nilimpita, wee! Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari mpaka sauti ikakauka.

Watu wakanizingira. Wakanibeba. Wakapiga kelele, "Fungua boneti tuone!" Nikasita, lakini mtu alishaifungua, na bakoki akiwa amekuja mbio kunipongeza, ndiye aliyeinama wa kwanza. Aliitazama ile injini. Aliijua, maana picha yake alikuwa nayo kwenye simu.

Jamaa mmoja akamgeukia akicheka. "Na wewe, ni adui gani alikuchagulia ule mzigo?"

Bakoki akafunga boneti yangu polepole. "Adui gani? Nilichagua mwenyewe," akasema. "Nilipenda ukubwa, si mnanijua?" Watu wakaangua kicheko, yeye akacheka nao, akaenda kununua soda.

Jioni tuliondoka pamoja kwenda kulala nyumbani Bungoma, tukaelekea Misikhu, yeye mbele, mimi nyuma. Gari lake lilikuwa linakohoa. Ningeweza kumpita mahali popote, na sikuthubutu. Kabla hatujafika Misikhu mvuke ukafumka, akasimama kando ya barabara, nami nikasimama. Tukafungua boneti tukatazama rejeta inavyotokota.

"Bakoki," nikasema, "nilikudanganya."

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Tafuta maji."

Nikaenda na dumu kwenye boma la karibu. Njiani machozi yalinitoka, na nisijisifu, hayakuwa ya toba yote. Mengine yalikuwa ya hasira. Nilikuwa nimeshinda mbele ya Tongaren nzima, na bado mtu mwema kati yetu alikuwa yeye.