Riwaya ya Majirani na Kaburi Letu

Riwaya niliyokuwa nikimsomea mama ni ya nchi jirani, mojawapo ya zile mbili ambazo majeshi yao yalikuja kupigana hapa Kisangani na mabomu yao yakatuangukia sisi. Imeandikwa kwa Kifaransa. Nilikuwa nikimfasiria kwa Kiswahili kila jioni, barazani kwetu Mangobo. Ni kitabu kigumu: miaka inarukaruka, wasimulizi wanapokezana bila kuaga. Ukipotea katika kitabu cha namna hiyo, usikitupe. Shika mtu mmoja, umfuate. Sisi tulimshika mama wa askari mmoja.

“Huyu mwandishi iko anazunguka kama dereva wa barabara ya Banalia anakwepa mashimo,” mama alicheka. “Lakini tutafika.”

Tukafika. Askari alikufa vitani, akarudishwa kwao. Mazishi yake yalijaza sura nzima: jeneza la mbao nzuri, tarumbeta, bendera iliyokunjwa mapajani mwa mama yake. Na alikofia je? Katika mji mmoja wa mtoni, upande wa magharibi. Basi.

Nilikifunga kitabu kwa kishindo. Mji mmoja! Kaka yangu mkubwa aliuawa na bomu katika mji huo, huu huu wetu, akienda kuchota maji. Makaburini hakukufikika, kwa hiyo baba alimzika nyuma ya jiko, amefungwa katika pazia la sebuleni. Yuko pale mpaka leo. Mwandishi aliyejua hata aina ya mbao za jeneza alishindwa nini kuuliza jina la mji? Mimi ni mwalimu. Kila mwaka nawasihi wanafunzi wangu wasome historia za watu wengine, na nitaendelea kuwasihi. Lakini sitawaambia wasome wakiwa wamenyamaza.

“Sisomi tena, mama.”

“Nani alikuambia ufunge? Fungua. Soma ile mazishi tena. Sasa weka jina ya mutoto wangu.”

“Mama, kitabu hakisemi hivyo.”

“Kitabu iko mu mikono yako. Soma!”

Nikasoma. Kila palipokuwa na jina la askari, nikaweka la kaka yangu. Jeneza likawa lake, tarumbeta ikawa yake, mtaa mzima ukamsindikiza. Mama alikuwa akitikisa kichwa taratibu, macho yameelekea jikoni. Nilipofika kwenye bendera, akaninyooshea kiganja.

“Ile bendera, acha wabaki nayo.”