Betri Isiyochomoka

"Haichomoki?" karani wa kaunta aliuliza kwa mara ya pili.

"Haichomoki," Ribiti akajibu, kifua mbele.

Masikini, alidhani anasifiwa. Kwa miaka thelathini ya kutengeneza mabegi kwenye kibanda chake kando ya stendi, alijivunia jambo hilo kuliko yote: kazi yake haibanduki. Wenzake walipopaka gundi, yeye aligonga ribiti za chuma, na akishagonga mbili aliongeza ya tatu ili roho yake itulie. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa na wateja wote.

"Basi begi hili halipandi ndege," karani akasema. "Betri ya namna hii lazima itolewe, abiria aingie nayo mkononi. Na tunafunga kaunta baada ya dakika ishirini na tano, mzee wangu."

Masikio ya Ribiti yalisikia, akili ikagoma. Akageuka kumtazama binti yake, Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa amekaa juu ya begi lenyewe, mguu wa kushoto uliodumaa tangu utotoni ameunyoosha mbele. Jumatatu alitakiwa kuanza kazi ng'ambo, kwenye maabara ya kutengeneza meno ya bandia. Kazi hiyo aliihangaikia miaka miwili. Akiikosa ndege hii, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Begi lilikuwa la ajabu kweli. Msafiri mmoja alilitelekeza kibandani, chaja imepotea, gurudumu moja limepinda. Ndani lina mota, juu lina usukani, ukilikalia linakwenda. Ribiti alipolielewa nusura aruke kwa furaha. Mwanawe angevuka viwanja vya ndege vyote bila kuuchosha ule mguu! Chaja ya kulifaa hakuipata popote, na umeme wa nyumbani kwake ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Akaing'oa paneli ndogo ya sola iliyokuwa ikichaji redio yake kibandani, akamwomba fundi redio wa jirani amuunganishie nyaya.

Kwanza aliifunga juu ya kifuniko.

"Baba," Kitinda akasema, akiwa amelikalia, "sasa hapa jua litaingilia wapi?"

Kitinda alicheka mpaka machozi. Ribiti hakucheka hata kidogo. Akaihamishia paneli ubavuni, iwe ya kukunjuliwa begi likiegeshwa. Lakini ilikuwa na ukubwa wa daftari tu. Siku ya kwanza, baada ya jua kali la kutwa nzima, begi lilitoka mlangoni, likaenda hadi duka la tatu, likazima. Ribiti alishika kichwa. Kutwa nzima kwa maduka matatu! Fundi redio akampigia hesabu: siku sita za jua kwa mwendo wa saa moja. Yakaja mawingu, zikawa tisa. Siku tisa Ribiti alilisogeza begi uani akilifuata jua, kama mtu anayechunga mbuzi mmoja. Na kwa kuwa betri ilikuwa ya kubonyeza na kuchomoa, jambo lililomkera sana, akaipaka gundi, akaifunika kwa ngozi, akaigongea ribiti kumi na mbili.

Sasa zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili.

"Inuka, mwanangu," akasema, akapiga magoti sakafuni na kutoa koleo mfukoni. Ribiti ya kwanza ilimgomea. Ya pili ikamchana kidole. Foleni nzima ilinyoosha shingo. Jasho likamtiririka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimlaani fundi aliyeifanya kazi ile. Ya kumi na mbili ilipokatika, akaivuta ngozi kwa nguvu zake zote, ikabanduka pamoja na karatasi ya betri.

Karani aliigeuza betri huku na huku. "Maandishi ya nguvu yake yako wapi?"

Ribiti akamwonyesha ile ngozi. Maandishi yalikuwa yameganda ndani ya gundi, hayasomeki.

"Basi hii siwezi kuipitisha. Begi liende, betri ibaki."

"Ibaki?" Ribiti alipaza sauti. "Na huyu atatembeaje? Huoni mguu wake? Huko ndani ni mbali!"

"Baba," Kitinda akasema taratibu, "nitatembea."

"Hujawahi kutembea mwendo huo!"

"Ulikuwa unanileta kwa baiskeli na kuniacha getini, Baba. Miaka mitatu yote ya chuo. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya nne."

Ribiti alimkodolea macho. Kila asubuhi alimfikisha getini, akageuza baiskeli kuwahi kibandani, moyo mweupe kwamba mtoto wake hachoki. Miaka mitatu hakuwahi kumuuliza.

Kitinda alimkumbatia, akachukua tiketi yake, akaushika mpini wa begi. Akaondoka akilivuta, akichechemea, bila kusimama wala kushika ukuta, mpaka akaingia mlango wa abiria.

Ribiti alisimama na betri mkononi. Alipobonyeza kitufe, vitaa vyote vinne viliwaka. Ilikuwa imejaa.

"Ghorofa ya nne," akamwambia karani.

Tayari karani alikuwa akimhudumia abiria mwingine.