Konzi Sabini za Hrangkima

Hrangkima, seremala wa kijiji cha Sihtlang katika milima ya Mizoram, alikuwa ameanza kuisoma Biblia mara kumi na moja. Kila Januari alijifunga shuka ya baridi mabegani, akafungua kitabu cha Mwanzo kwa bidii ya mtu anayefungua karakana mpya, na kila Januari, kabla ya mwezi kwisha, aliachwa majini pamoja na wale waliokosa nafasi katika safina. Mkewe, Biakveli, alikuwa na kumbukumbu kamili ya majaribio hayo. La nne lilikatizwa na mafua, la saba na mashindano ya mpira wa miguu, na la tisa na sababu ambayo Hrangkima mwenyewe hakuweza kuitaja alipoulizwa.

Kwa hiyo sala ya jioni katika nyumba yao, ambayo kwa desturi ya kijiji ni kazi ya baba, iliongozwa na mama. Hakuna aliyelipangia jambo hilo siku wala kulitangaza. Lilitokea tu, likazoeleka, likadumu miaka ishirini na saba.

Mwezi Machi mwaka 1998, binti yao Zotluangi alijifungua mtoto wa kwanza mjini Aizawl, na Biakveli akajiandaa kwenda kumlea kwa majuma matano kabla ya kurudi naye nyumbani. Asubuhi ya Ijumaa, huku mizigo yake ikifungwa juu ya gari, Hrangkima alitamka mbele ya abiria wote:

"Mkimleta mjukuu, sala yake ya kwanza nyumbani kwetu nitaiongoza mimi."

"Wewe?" Biakveli alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Baba Zotluangi, wewe hata chakula hukiombea ukiwa umeshameza tonge la pili."

Abiria walicheka. Dereva naye alizima injini ili asipitwe.

"Majuma matano, Mama Zotluangi! Asubuhi na jioni, bila kukosa. Utaona mwenyewe."

"Sawa. Yashike majuma matano, nami nitakaa mkekani nikuitikie Amina. Ukishindwa, uniambie kweli. Sitaki mjukuu wangu aombewe kwa kubahatisha."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini Hrangkima, aliyemfahamu vizuri, alijua kwamba maneno ya mwisho hayakuwa ya mzaha. Alirudi nyumbani akiwa na jambo moja tu kifuani: asiaibike mbele ya mtoto ambaye bado hajajua hata kushika shingo yake.

Jioni ile alipika mwenyewe. Kabla ya kuinjika wali, alitoa konzi moja ya mchele akaitia katika kopo la sadaka ya Kanisa, kama ifanyikavyo katika kila jiko la kijiji, kila chungu kinapopanda mafigani. Hapo ndipo alipokumbuka mwenendo wa mkewe: konzi, kisha sala fupi akiwa amesimama, kisha zaburi moja wakati maji yakichemka. Alifuata vivyo hivyo, akala, akajiona mtakatifu. Kisha akili ya useremala ikamwamkia. Mbao za kazi nzima huzikata kwa siku moja. Kwa nini konzi azitoe moja moja? Majuma matano, milo miwili kwa siku, ni konzi sabini. Akachota, akahesabu kwa sauti, na kwa kiganja chake kipana kama randa akajaza kikapu mpaka juu.

Jumamosi wanawake wa Kanisa walipopita kukusanya mchele, aliwapokea mlangoni kifua mbele. Kiongozi wao, Darngovi, jirani mwenye ulimi mwepesi, alikitazama kikapu.

"Mzee, unahama?"

"Ni konzi za majuma matano. Nimemaliza mapema, msihangaike kupita tena."

Mwanamke mmoja alilazimika kuegemea ukuta. Darngovi aliuliza kwa adabu kubwa mno:

"Na milo je, shemeji? Yote umeshakula?"

"Milo bado."

"Na sala?"

"Za juma la kwanza nimeziunganisha."

Kicheko kilishuka mtelemko mzima pamoja na kikapu, na kabla ya saa sita mchana hakukuwa na baraza ambalo halikuwa na habari.

Jumapili ibada ilimbeba. Jumatatu asubuhi, mikono yake ilikwenda moja kwa moja kutoka pipa la mchele hadi chunguni, wala hakukuwa na kitu cha kuisimamisha njiani. Alikumbuka sala wakati wa kuosha sahani, akasema ataomba jioni. Jioni alisema ataomba kesho. Jumanne alikumbuka akiwa karakanani na misumari mdomoni. Jumatano hakukumbuka kabisa, na ilipofika Alhamisi alikwisha kuitambua hali hiyo kwa harufu yake, kwa maana alikuwa ameionja mara kumi na moja. Desturi yake ilikuwa kusema kwamba mwaka umeharibika, angoje mwingine. Safari hii mtoto alikuwa njiani, naye hangengojea Januari.

Akaenda kwa Darngovi mbio, na shoka mkononi kwa kusahau.

"Nirudishie mchele!"

"Mchele gani? Na hilo shoka weka chini kwanza."

"Ule wa Mungu!"

Darngovi, aliyekuwa amejaza mdomo maji ya tumbaku, ambayo wanawake wa huko huyashikilia kinywani kama ugoro, nusura apaliwe. "Umeshachanganyika na wa nyumba arobaini, Mzee. Nikuchambulie punje?"

"Mimi sitaki mchele," alisema Hrangkima, akakaa kizingitini. "Nataka kitu cha kunisimamisha pale jikoni. Ile konzi ndiyo iliyokuwa inanishika mkono."

Darngovi aliacha kucheka, kwa muda mfupi. "Basi toa tena. Nani amekukataza?"

"Pipa litaisha."

"Tia maboga."

Akatia maboga. Akatia viazi vikuu, akatia majani ya haradali, na wali ukapungua chunguni siku baada ya siku hadi ukawa kama mgeni katika karamu ya mboga. Lakini kila mlo ulianza na konzi, konzi ikamsimamisha, naye akiisha kusimama aliomba. Zaburi hakuisoma tena. Aliiimba kwa do-re-mi, kwa sauti nzito iliyovuka nyumba tatu, hata majirani wakaanza kuinjika vyungu vyao kwa kumfuata. Juma la tatu alipitiwa asubuhi moja. Alingoja majuto yaje kumvunja miguu kama kawaida, lakini jioni ilifika, mkono ukaingia pipani, na sala ikaendelea kana kwamba haikukatika. Jambo hilo lilimfurahisha kiasi kwamba alicheza na mwiko, akaimwaga chumvi yote.

Siku mbili kabla ya majuma matano kutimia, alasiri, alikuwa amefumba macho, mchele umejaa kiganjani, mara akasikia honi ya gari, kisha kilio chembamba kikipanda mtelemko. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kukimbia. Alibaki pale pale, akimalizia, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

Alipofumbua macho, Biakveli alikuwa mlangoni na mtoto kifuani, Zotluangi nyuma yake.

"Umekosa siku ngapi?"

"Tatu mfululizo, na asubuhi moja. Na kuna habari ya konzi sabini."

"Hiyo dereva ametuambia. Aizawl nzima wanaijua."

Zotluangi aliangua kicheko, akashika ukuta. Biakveli alitandika mkeka, akakaa, akampakata mtoto.

"Haya, Baba Zotluangi. Tunakungoja."

Hrangkima alifumba macho tena. Alimshukuru Mungu kwa mtoto, kwa masikio yake mawili, kwa dereva, kwa breki za gari, kwa maboga ya aina zote. Mtoto akapiga chafya, wote watatu wakacheka, naye akaanza upya toka masikioni. Jikoni mboga ilianza kuungua.

"Amina?" aliuliza Biakveli, macho yamefumbwa.

"Bado," alijibu Hrangkima, akaendelea.