Milimita Nane za Delmar

Delmar Hockenberry aliidharau kila bunduki ambayo hakuinunua yeye. Siku ya maonyesho ya bunduki kuukuu za jeshi, katika ukumbi wa wazimamoto wa kule vilimani Pennsylvania, alipita meza hadi meza akikunja pua kama aliyenusa soksi.

"Ya Mrusi hii? Hata kwa kuni haifai. Ya Mwingereza? Mrudishieni mwenyewe!"

Nyuma yake alikuja shemeji yake, Twila, na bunduki ya Kiswidi begani, kongwe kuliko mama yake. Risasi yake milimita sita na nusu.

"Shemeji, na hiyo sindano unaenda kuwinda au kushona vifungo?"

"Kuwinda. Mwenye mashati ya kushonwa ni wewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kambini kwao kwa uwindaji, anayemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, likapigiliwa ukutani na jina lake. Ya Delmar yalikuwa mawili, misimu miwili mfululizo. Akikosa na wa tatu, atanyang'anywa kituo chake msituni, pale mwaloni alipoachiwa na marehemu baba yake, na kukabidhiwa mwiko awe mpishi wa kambi.

Lawama zote aliitupia bunduki yake ya zamani: kipenyo kidogo, kazi ya kitoto. Safari hii akachukua ya Kijerumani, mtutu mfupi, milimita nane.

"Kulungu akiisikia hii anajichuna mwenyewe," alitamba.

"Kipenyo hakilengi shabaha, Delmar," alisema Boyd, mkuu wa kambi. "Kaijaribu kwanza."

"Wanaojaribu ni wasiojua."

Lakini alikwenda kuijaribu, peke yake, kwenye machimbo ya mawe. Ilimpiga teke begani kama nyumbu, bega likawa zambarau. Risasi chache tu, na macho yakaanza kujifumba kabla kidole hakijavuta. Hilo hakumwambia mtu.

Asubuhi ya kwanza ya msimu, dume la kulungu la pembe pana lilitoka vichakani na kusimama ubavu wazi, kama linasubiri kupigwa picha. Delmar akalenga. Bega likakumbuka. Macho yakajifumba.

Mlio ulimwaga theluji matawini. Dume likamtazama, likaenda zake bila haraka, likashuka kijitoni. Huko ukasikika mlio mmoja mwembamba. Wa Twila.

Jioni Boyd akachukua mkasi. "Geuka, mzee."

"Risasi za siku hizi takataka tupu," alinung'unika Delmar, huku mkasi ukila kitambaa.

"Mwaloni nitautunza, shemeji," alisema Twila, taratibu, bila kucheka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Delmar akasimama jikoni, mgongo ukipigwa na baridi, akichungulia maharage kwa dharau.

"Nani kanunua kisufuria hiki? Kidogo mno! Mtu mzima anapika kwa kitu kama hiki?"

"Koroga, shemeji," alijibu Twila. "Yanaungua."